Kichwa si silaha: adhabu ya mwamuzi na afya ya ubongo

Mwezi huu tunazungumzia jambo linaloonekana kuwa la michezo tu, kumbe ni la afya ya familia nzima. Ni kugongwa kichwani uwanjani, na adhabu anayostahili mchezaji anayempiga mwenzake kichwani.

Hapa Ilembo, kama katika kata nyingine za Mpanda, mpira huchezwa karibu kila jioni. Wapo watoto wa chandimu mtaani, wapo wanafunzi wanaojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, na wapo watu wazima wanaogombea kombe la mbuzi. Wote hao wana kichwa kimoja kimoja, hakuna aliyepewa cha akiba. Tuanze mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko somo hili liligharimu maisha ya vijana kabla ya kueleweka.

Mchezo wa kofia ngumu

Mpira wa Kimarekani haufanani na kandanda. Mpira wake una umbo kama la yai, hubebwa mikononi, na wachezaji wanaruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini. Kwa sababu hiyo huvaa kofia ngumu na kinga za mabega. Kofia iliwekwa ili fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Lakini ilileta hatari nyingine. Mchezaji aliyejiona salama ndani ya kofia alianza kuinamisha kichwa na kumvamia mwenzake kwa utosi, kama beberu. Kinga ikageuka kuwa silaha. Aliyegongwa aliumia ubongo, na aliyegonga aliweza kuvunjika shingo. Maana kichwa kikiinamishwa, mifupa ya shingo hunyooka kama fimbo, na nguvu ya mgongano hupita moja kwa moja ndani yake badala ya kupunguzwa na misuli. Wapo vijana waliobaki wamepooza mikono na miguu maisha yao yote.

Mwaka 1976 mashindano ya shule na vyuo vya Marekani yalipiga marufuku kumvamia mtu kwa kichwa. Katika miaka iliyofuata idadi ya waliopooza kwa kuvunjika shingo ilishuka sana. Sheria iliokoa watu ambao kofia peke yake haikuweza kuwaokoa.

Adhabu zimeendelea kuongezwa. Timu ya mkosaji hurudishwa nyuma yadi 15, yaani karibu mita 14. Tangu 2013, katika mchezo wa vyuo, anayemvamia mpinzani kwa utosi wa kofia, au anayempiga kichwani mtu asiyeweza kujikinga, hutolewa nje. Kanuni hiyo ilipoanza, kosa likitokea kipindi cha pili, alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi inayofuata. Mwaka 2018 ligi kuu ya kulipwa, NFL, iliweka kanuni kwamba anayeinamisha kichwa na kumgonga mpinzani kwa kofia yake ana kosa, hata kama hakumgusa kichwani. Tukumbuke hili: katika makosa hayo mwamuzi hamwulizi mchezaji alikusudia nini. Anatazama alichofanya.

Kwa nini kofia haitoshi

Ubongo ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Fikiri juu ya abiria aliyesimama ndani ya basi la Tabora, dereva akifunga breki ghafla. Basi limesimama, lakini abiria anaendelea kwenda mbele. Ndivyo ubongo unavyofanya kichwa kinapogongwa. Husukumwa, huzungushwa, na nyuzi zake nyembamba huvutika. Hali hiyo tunaiita mtikisiko wa ubongo. Kofia hulinda mfupa, lakini haiwezi kuuzuia kabisa ubongo usitikisike.

Tusieleweke vibaya. Kofia ya pikipiki ni ya lazima kwa dereva wa bodaboda na kwa abiria wake. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, na hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42. Tunachosema ni kwamba kofia si ruhusa ya kugonga.

Daktari kutoka Nigeria

Mwaka 2002 alifariki Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa timu ya Pittsburgh Steelers, akiwa na umri wa miaka 50. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa amepoteza kumbukumbu na maisha yake yamevurugika. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Kwa nje ubongo ule ulionekana wa kawaida. Omalu hakuridhika. Alipouchunguza kwa hadubini aliona uharibifu unaotokana na kugongwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alitangaza matokeo hayo mwaka 2005, na madaktari wa ligi wakamtaka ayaondoe. Hakuyaondoa. Baadaye wachezaji wastaafu waliishtaki ligi, na makubaliano ya fidia yaliidhinishwa na mahakama mwaka 2015.

Si kila aliyegongwa kichwani atapata ugonjwa huo. Lakini tumejifunza kwamba mapigo madogo madogo yanayorudiwa nayo yana madhara, hata kama hakuna hata moja lililomwangusha mchezaji.

Na mpira wetu je?

Wengine watasema, hayo ni ya Wamarekani na kofia zao. Sivyo. Katika fainali ya Kombe la Dunia, Julai 13, 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani kwa bega la mpinzani. Aliinuka akaendelea kucheza. Baada ya muda alimwuliza mwamuzi kama mechi ile ilikuwa fainali. Mwamuzi alishtuka, naye Kramer akatolewa dakika ya 31. Mamilioni walikuwa wakitazama, na madaktari walikuwepo, lakini mgonjwa alicheza karibu robo saa.

Kwenye uwanja wetu wa udongo mkavu hakuna daktari. Kuna viwiko, ambavyo vijana huviita vipepsi, kuna daruga zinazoinuliwa hadi usoni, na kuna makipa na washambuliaji wanaogongana vichwa. Kwa hiyo mwamuzi ndiye daktari wa kwanza, na kadi ndiyo dawa ya kinga.

Sheria za kandanda ziko wazi. Anayeinua mguu karibu na kichwa cha mwenzake bila kumgusa amecheza mchezo wa hatari, na timu pinzani hupewa adhabu ndogo. Akimgusa, ni adhabu ya moja kwa moja. Akifanya hivyo bila kujali hatari, ni kadi ya njano. Akitumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mwenzake, ni kadi nyekundu. Kusema “nilikuwa naufuata mpira” hakufuti kosa. Mwamuzi anayeogopa kelele za watazamaji akaficha kadi yake amewafundisha watoto wote pembeni mwa uwanja kwamba kichwa cha mtu ni halali kupigwa.

Dalili za kuangalia

Watu wengi waliopata mtikisiko wa ubongo hawazimii wala hawatoki damu. Mwangalieni aliyegongwa kama:

1. Anashangaa, anajibu polepole, au hajui wanacheza na timu gani.
2. Anayumba, anashika kichwa, au anaona kizunguzungu.
3. Anasikia kichefuchefu, anaona ukungu, au mwanga unamsumbua.
4. Hakumbuki kilichotokea kabla au baada ya kugongwa.
5. Amebadilika tabia, analia ovyo au ana hasira isiyo ya kawaida.

Dalili moja inatosha. Atoke, na asirudi siku hiyo. Kumwagia maji kichwani na kumrudisha uwanjani si tiba.

Zipo pia dalili za hatari kubwa: kuzimia, degedege, kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito asioamka kwa urahisi, kusema kwa shida, udhaifu au ganzi mkononi au mguuni, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu kutoka sikioni au puani, na maumivu ya shingo. Akiwa na mojawapo apelekwe hospitali mara moja. Mwenye maumivu ya shingo au aliyezimia asiinuliwe hobelahobela. Kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka, na kama anatapika ageuzwe ubavu mwili wote kwa pamoja. Asipakiwe kwenye pikipiki.

Onyo kwa akina mama

Mtoto anagongwa jioni, hasemi kitu nyumbani kwa sababu anaogopa kukatazwa mpira. Kesho yake anaumwa kichwa, anatapika, amelegea. Mama anasema, hii malaria. Katika mkoa wetu ni wazo la haki kabisa, kwa kuwa malaria ni nyingi. Lakini kabla ya kufika zahanati mwulize, “Jana ulicheza? Uligongwa?” Kisha mweleze mganga. Mtoto anaweza kukutwa na vijidudu vya malaria na bado awe na damu inayovuja ndani ya fuvu. Mganga asiyeambiwa habari ya mpira hawezi kuikisia.

Nyumbani mgonjwa asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza. Kulala anaruhusiwa, ila aangaliwe mara kwa mara kama anaamka vizuri. Asinywe pombe. Kwa maumivu atumie panadol kwa kipimo chake, asipewe aspirini wala diclofenac, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Kurudi uwanjani

Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie shughuli za kawaida kidogo kidogo. Masomo yatangulie, mpira ufuate. Miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani na mashuleni inasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na awe amemaliza siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kuanza mazoezi yenye hatari ya kugongana.

Sababu ya kungoja ni nzito. Mwaka 2011, huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule. Aliachwa aendelee kucheza, akaanguka, na baadaye akafariki. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena unaweza kuvimba ghafla, na vijana wadogo ndio walio katika hatari zaidi. Hutokea kwa nadra, lakini hakuna kombe linalolipa gharama hiyo.

Basi, wazazi, kabla ya mashindano kuanza mwulizeni kocha swali moja: mtoto wangu akigongwa kichwani, nani ana mamlaka ya kumtoa? Kama hakuna jibu, timu hiyo haijawa tayari. Makocha, chagueni mtu huyo mapema, na mchezaji asiwe mwamuzi wa kichwa chake mwenyewe, kwa sababu ubongo ulioumia ndio anaoutumia kujibu kwamba yuko mzima. Nanyi waamuzi wa Ilembo, kadi zenu zitumieni. Mchezaji aliyetolewa nje leo atacheza tena. Tunataka na yule aliyegongwa naye acheze tena.