Vumbi la Machimboni na Ngazi Tatu za Kinga

Wataalamu wa afya ya jamii huigawa kinga katika ngazi tatu: kuzuia ugonjwa usianze, kuugundua mapema, na kupunguza madhara yake. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kahama, ngazi hizo hazina uzito sawa.

Mwamba wenye dhahabu huwa na silika nyingi. Anayeutoboa ndani ya duara, au kuusaga kwenye karasha, huvuta vumbi lake. Chembe zinazodhuru zaidi hazionekani kwa macho. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, nao hauna tiba. Mapafu yenye makovu hayo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu.

Basi ngazi ya kwanza ni maji: mwamba uloweshwe wakati wa kutobolewa na kusagwa. Kitambaa kinachofungwa puani, ambacho wengi hukitegemea, hakizuii chembe hizo. Ngazi ya pili ni kupima makohozi mapema. Mchimbaji anayekohoa aitaje kazi yake, na mhudumu asisubiri kuambiwa. Kifua kikuu hupona, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, ila makovu hubaki.

Ngazi ya tatu ni kumaliza dozi na kuepuka vumbi, ushauri mgumu kwa mwenye familia ya kulisha. Hata hivyo mgonjwa aulizwe anarudi kazi gani, kwa maana akirudi kwenye vumbi lile lile anaweza kuugua tena, safari hii kwa mapafu yaliyokwisha kudhoofika.