Mlango wa kadi: Usalama hauko kwenye kadi pekee

MILANGO inayofunguliwa kwa kadi imeenea katika ofisi, benki, hoteli na majengo ya makazi jijini Dar es Salaam na katika miji mingine ya Afrika Mashariki. Mfanyakazi husogeza kadi kwenye kifaa kilichobandikwa ukutani, taa ya kijani huwaka, na mlango hufunguka pasipo ufunguo.

Wenye majengo wanaotaka kufungiwa mfumo huo huanza kwa kuuliza bei ya kadi na idadi ya milango. Hata hivyo, yapo maswali mawili mazito zaidi ambayo hayana budi kujibiwa kabla fundi hajatoboa ukuta. La kwanza, je, kadi hiyo yaweza kunakiliwa na mtu mwingine? La pili, umeme ukikatika au moto ukizuka, mlango huo utafanya nini?

Mfumo unavyofanya kazi

Kadi ya aina hii haina betri. Ndani yake mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa pembezoni. Kisomaji kilichopo mlangoni hutoa mawimbi wakati wote, na kadi inapokaribia, waya ule hupata umeme kidogo kutokana na mawimbi hayo. Chipu huamka na kutoa namba yake.

Kisomaji chenyewe hakifanyi uamuzi. Hupeleka namba kwenye kidhibiti, yaani kisanduku chenye orodha ya walioruhusiwa, milango yao na saa zao. Namba ikikubaliwa, swichi iliyomo ndani ya kidhibiti huamuru kufuli liachie kwa sekunde chache, na tukio hilo huandikwa pamoja na saa lilipotokea.

Hapo ndipo kadi inapouzidi ufunguo. Ufunguo ukipotea, hulazimu kubadili kitasa. Kadi ikipotea, namba yake hufutwa kwa dakika moja. Aidha, mhasibu anaweza kuruhusiwa kuingia chumba cha fedha kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni tu, na mfanya usafi akaishia kwenye korido.

Kidhibiti kikae ndani

Kuna vifaa vya bei nafuu ambavyo kisomaji na kidhibiti ni kitu kimoja, nacho hufungwa nje ya mlango. Kwa kabati la stoo huenda kikatosha. Kwa mlango wa nje ni hatari, kwa kuwa mtu mwenye bisibisi anaweza kukibandua, akagusanisha nyaya mbili na mlango ukafunguka bila kadi yoyote.

Mpangilio ulio salama ni kuacha kisomaji pekee upande wa nje, na kukiweka kidhibiti, betri na nyaya za kufuli upande wa ndani, ndani ya kisanduku kinachofungwa. Mlangoni pia huwekwa kihisi kinachotoa taarifa mlango unapoachwa wazi au unapofunguliwa kwa nguvu. Bila kihisi hicho, mfumo hujua tu kwamba kadi imekubaliwa. Haujui kama mlango ulifungwa tena.

Umeme ukikatika

Kufuli za umeme zina tabia mbili zinazopingana. Zipo ambazo umeme ukikatika huachia, na zipo ambazo umeme ukikatika hubaki zimefunga.

Kufuli la sumaku, lile linalofungwa juu ya fremu ya mlango, ni la kundi la kwanza. Hushika kwa nguvu ya umeme tu. Aina zinazouzwa sana hustahimili mvuto wa takriban kilo 270 au 540. Umeme ukiondoka, nguvu hiyo huwa sifuri. Kwa upande wa moto, hilo ni jambo jema. Kwa upande wa wizi, lina maana kwamba ofisi isiyo na betri imara hubaki wazi mara tu taa zinapozimika.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaoukumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, wa mwaka 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 7 kwa saa, ikilisha kufuli dogo la sumaku linalotumia karibu nusu ampea, kinadharia hudumu saa 14. Ukiongeza kidhibiti na kisomaji, na ukizingatia kwamba betri huchoka kadiri inavyozeeka, muda halisi hupungua sana. Kwa sababu hiyo mlango wa nje unapaswa kuwa pia na kitasa cha kawaida cha ufunguo, cha kufungwa ofisi inapokuwa haina mtu na kufunguliwa kabla watu hawajaanza kuingia.

Kwa chumba cha kompyuta kuu au stoo ya thamani, kufuli linalobaki limefunga ndilo hufaa, mradi aliyemo ndani aweze kutoka kwa kushusha mkono wa kitasa tu.

Moto hausubiri kadi

Jambo lisilo na mjadala ni kwamba mtu aliyemo ndani asihitaji kadi ili kujiokoa. Katika moshi hakuna anayekumbuka kadi ilipo, na mgeni hana kadi kabisa.

Mlango wenye kufuli la sumaku hauna budi kuwa na kitufe cha kutokea upande wa ndani, pamoja na kisanduku cha dharura cha kuvunja au kubonyeza. Kisanduku hicho kikate umeme wa kufuli moja kwa moja, pasipo kupitia kwenye kidhibiti, kwani kidhibiti kinaweza kuwa kimekwama wakati huo huo. Vilevile, kengele ya moto iunganishwe ili ikilia milango yote ya kutokea iachie. Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwenye jengo alijaribu hilo mwenyewe: aizime swichi kuu, aibonyeze dharura, aiwashe kengele, na auone kila mlango ukifunguka.

Kadi zinazonakilika

Kadi za zamani za kilohezi 125 hutoa namba ileile kwa kisomaji chochote kitakachowasha mawimbi hayo. Hakuna siri inayolindwa. Kifaa kidogo cha kunakilia kinatosha kutengeneza pacha wake, na mara nyingi namba hiyo huwa imechapishwa juu ya kadi yenyewe.

Zile za megahezi 13.56 zina nafasi ya ulinzi, lakini si zote. Chipu ya MIFARE Classic, iliyoingia sokoni mwaka 1994, ilitumiwa hata kwenye kadi za nauli za Oyster jijini London. Desemba 2007, Karsten Nohl na Henryk Plötz walieleza mjini Berlin jinsi siri yake ilivyofumbuliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikamilisha kazi yao juu ya udhaifu huo. Kampuni ya NXP iliyotengeneza chipu ilikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji, na mahakama ikakataa ombi hilo.

Somo hilo halijaisha. Machi 2024 watafiti walitangaza kasoro katika kufuli za hoteli za Saflok, zilizofungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, ambapo kadi mbili za kughushi zingeweza kufungua mlango wowote wa hoteli husika.

Anayenunua leo aombe kadi zenye usimbaji wa AES, kama vile MIFARE DESFire, na ahakikishe mambo mawili. Moja, namba za siri za kiwandani zibadilishwe. Pili, kisomaji kisome sehemu iliyolindwa, siyo namba ya nje ya chipu pekee. Vinginevyo amelipia kadi ghali na kupata ulinzi wa ile rahisi.

Orodha isafishwe

Kadi ya mtumishi aliyeacha kazi ifutwe siku hiyohiyo, iwe imerudishwa au haikurudishwa. Mkuu wa rasilimali watu na msimamizi wa mfumo wakutane na orodha mkononi walau kila mwezi.

Kumbukumbu za nani aliingia wapi na saa ngapi nazo ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Wafanyakazi waelezwe kinachohifadhiwa, kwa sababu gani na kwa muda gani.

Kadi ni sehemu iliyo rahisi kuliko zote katika mfumo huu. Kazi iliyobaki ni ya kufuli, betri, kitufe cha dharura na mtu anayeisimamia orodha. Kimoja kikilegea, taa ya kijani haina maana.