Choo kinachorudisha rutuba kibanjani

Katika michoro mingi ya nyumba za vijijini, choo huchorwa mwisho. Huwekwa nyuma, mbali na macho ya wageni, huchimbiwa shimo, na shimo likijaa hufukiwa. Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana sababu ya kukitazama upya chumba hicho, kwa kuwa sehemu ya mavuno yao huishia humo kila siku.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, Ujerumani, pamoja na shirika la wakulima la MAVUNO, walifanya jaribio la shambani wilayani Karagwe. Walipima mbolea tatu: mboji ya kawaida, tope la mtambo wa biogesi, na mboji iliyochanganywa na mkaa, mkojo na kinyesi cha binadamu kilichopikwa hadi vijidudu vikafa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Pale ambapo hapakuwekwa kitu, mahindi yalitoa tani 1.10 kwa hekta. Tope la biogesi lilitoa tani 2.63, mboji ya kawaida 3.18, na mboji ya chooni 4.40. Kwa lugha ya gunia la kilo 100, hiyo ni tofauti ya kutoka gunia nne na nusu hadi karibu gunia 18 kwa ekari. Ni kweli kwamba vilikuwa vitalu vidogo vya mita za mraba 9, vilivyotunzwa kwa makini, na mkulima asitegemee hesabu hiyohiyo katika shamba zima. Hata hivyo, mboji ya kawaida peke yake ilikaribia kuongeza mavuno mara tatu, na hiyo haihitaji choo chochote kipya.

Sababu iko ardhini. Udongo uliopimwa una asili ya volkano, ni wenye tindikali, na huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mmea hauipati. Mboji ya chooni ilipandisha kipimo cha pH kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi inayopatikana kwa mmea ikaongezeka karibu mara 9.

Wazee wa eneo hili walikuwa na dawa yao. Nyumba ya msonge ilisimama katikati ya kibanja, na nyasi za kuezekea na kutandika sakafuni zililetwa kutoka rweya, yaani mbuga ya malisho. Ng'ombe walikula rweya mchana na kulala nyumbani, samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyumba, zizi na shamba vilikuwa mpango mmoja, na rutuba ilihama kutoka nje kuja ndani.

Siku hizi familia nyingi hazina ng'ombe, na sehemu ya rweya imepandwa miti. Wakati huohuo ndizi, maharage na kahawa hupakiwa kwenye malori kwenda mbali. Mfanyabiashara anayelipia mkungu hununua pia potasiamu na fosforasi ya kibanja, na hizo hazirudi.

Hapo ndipo kazi ya msanifu majengo inapoanza. Choo kilichojaribiwa na MAVUNO pamoja na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani hakina shimo. Sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi, na tundu limegawanywa: mkojo huenda mbele kwenye dumu, kinyesi huanguka nyuma kwenye chombo na kunyunyiziwa majivu au maranda. Kisipochanganyika na mkojo hukauka, na harufu hupungua sana.

Kinyesi huingizwa kwenye tanuri dogo na kupashwa moto unaozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Moto hutoka kwenye jiko linalogeuza kuni au maranda kuwa gesi kabla ya kuiunguza, na linaloacha mkaa badala ya majivu matupu. Mkaa huo huingia kwenye lundo la mboji pamoja na mabaki ya jikoni, nyasi, majivu, udongo na hata vipande vya matofali yaliyovunjika. Kila kitu ambacho nyumba hutupa kina mahali pake.

Kuta zinaweza kujengwa kwa matofali ya kufungamana, yaani udongo na saruji kidogo vilivyoshindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa kwa kuni. Msingi usidharauliwe. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi mkoani Kagera, na jengo lililoinuliwa linahitaji msingi imara kuliko kibanda cha kawaida.

Kwa familia moja kazi ni nyingi. Lazima mtu abebe chombo, awashe tanuri na ageuze lundo, na katika kaya nyingi mtu huyo atakuwa mama. Mchoro usiosema nani atafanya kazi hiyo haujakamilika, hata ukipendeza kiasi gani.

Shule ya bweni ni mahali panapofaa zaidi. Wanafunzi 300 hutoa zaidi ya lita 300 za mkojo kwa siku, na mfanyakazi mmoja anayelipwa anaweza kuusimamia. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 hutaka mkojo kutoka taasisi za namna hiyo uhifadhiwe miezi sita hivi kwenye nyuzi 20 kabla ya kutumika kwa mazao yote, hivyo gharama ya matangi iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Shule ya wasichana inadai zaidi ya matangi. Mlango ufungwe kwa ndani, taa iwepo usiku, maji ya kunawa yawe karibu na pawe na mahali pa kutupia pedi bila aibu. Sakafu iliyoinuliwa ina ngazi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye ulemavu ajengewe njia ya mteremko. Choo kikimwogopesha binti atakwepa kukitumia, na shamba la shule halitapata kitu.

Soko nalo lina masharti. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya haziruhusu mbolea ya kinyesi cha binadamu, hivyo mwenye kahawa iliyosajiliwa kwa kilimo hai asiiweke kwenye mibuni hiyo. Mboji ya namna hii ifukiwe kwenye mahindi na migomba ya chakula cha nyumbani, na isiwekwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.