Mhandisi kijana, kabla ya kuacha kazi kwa hofu ya afya, pima kwanza

Vijana wengi wanaohitimu uhandisi humu nchini huingia kazini kwa furaha kubwa. Wazazi wameuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipa karo, na ndugu wadogo wanangojea zamu yao. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili kiwandani, kwenye mtambo wa kusaga kokoto au mahali pa ujenzi, baadhi yao huanza kujiuliza swali ambalo hawakufunzwa chuoni: Je, mshahara huu unalingana na afya ninayoipoteza?

Huenda wewe msomaji ni mmoja wao. Jioni unafika nyumbani masikio yakivuma. Asubuhi unakohoa na kutema makohozi yenye vumbi. Mwenzako mliyesoma pamoja anafanya kazi katika benki, na kila mkikutana anakuhimiza uachane na mashine. Kwa upande mwingine, Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 inamtaka mhitimu awe na tajriba ya miaka isiyopungua 3 kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Unahofia kwamba ukiondoka sasa, jasho lako lote litakwenda bure.

Uamuzi kama huu haufai kufanywa kwa hasira wala kwa woga. Kwanza tenganisha madhara yanayopona na yale yasiyopona. Uchovu, maumivu ya misuli na michubuko huisha mtu akipumzika na kutibiwa. Lakini usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, na mapafu yaliyopata makovu kwa sababu ya vumbi la mawe hayarudi kuwa kama yalivyokuwa. Haya mawili ndiyo unayopaswa kuyachunguza kwa makini.

Kelele

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali huvichosha. Ukipata utulivu hupata nafuu, lakini vikichoshwa siku baada ya siku hufa, na mwili wa binadamu hauoti vingine. Aghalabu sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kama vile sauti za watoto na herufi s na f. Mtu husikia kwamba anasemeshwa lakini haelewi anachoambiwa, naye hudhani wenzake wananong'ona.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wa afya ya kazini hupendekeza mtu asizidishe wastani wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, hivyo basi muda ulio salama hupungua kwa nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa 91 na saa 1 pekee kwa 94. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikiwa huna chombo cha kupimia, simama umbali wa mita moja na mwenzako. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikizane, yaelekea kelele imefika kiwango cha hatari.

Vumbi

Mawe, mchanga na zege huwa na madini yaitwayo silika. Yanaposagwa au kukatwa, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Vumbi kubwa unaloliona kwenye kope na nguo huzuiwa kwa wingi na pua na koo. Zile chembe zisizoonekana ndizo huingia hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, zikasababisha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa. Pia humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na tangu mwaka wa 1997 silika ya aina hii imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Kipimo cha usikivu kinaweza kuonyesha madhara mapema, hata kabla mtu mwenyewe hajayatambua. Silikosisi kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, ingawa vumbi likiwa jingi mno huja upesi, na huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa hivyo, picha safi ya eksirei baada ya miaka miwili si cheti cha usalama. Kwa upande wa vumbi, usitosheke na kupimwa kifua. Dai hewa ya mahali pa kazi ipimwe. Na ukikohoa kwa zaidi ya wiki 2, nenda hospitali upimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Haki zako

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamlazimisha mwajiri kuwalinda wafanyakazi na kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza chochote. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama na afya. Wanaofanya kazi zilizotajwa kuwa za hatari hupimwa na daktari kabla ya kuajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Mwajiri akikaidi, unaweza kulalamika kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, ambayo maafisa wake wana uwezo wa kukagua viwanda.

Isitoshe, wewe mhandisi una nafasi ambayo kibarua hana. Vizibo vya masikio na barakoa ndiyo kinga ya mwisho, wala si ya kwanza. Tena barakoa ya kitambaa haizuii chembe za silika. Inahitajika ile maalumu inayobana uso vizuri. Kinga bora ni kuizima hatari inakotoka: kunyunyizia maji jiwe linaposagwa, kufunika mtambo, kuweka mashine za kufyonza vumbi, kubadilisha beringi zilizokwisha, na kuwatenga watu na kelele. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea. Andika mapendekezo yako, uyapeleke kwa wakubwa wako na kwa kamati, nawe uhifadhi nakala.

Huko unakotaka kuhamia

Usidhani pia kwamba kazi ya ofisini haina maradhi. Kuketi kutwa nzima huumiza mgongo na huchangia unene, kisukari na maradhi ya moyo. Wengine huacha kiwanda wakaanzisha biashara zao na kufanya kazi usiku na mchana. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huandamana na hatari kubwa zaidi ya kiharusi, kwa takriban asilimia 35, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Ukihama, hakikisha hukimbii moshi na kuingia motoni.

Uamue vipi?

Ikiwa kelele na vumbi vimepimwa, wakubwa wanarekebisha mitambo, na vipimo vyako havionyeshi kudhoofika, unaweza kuendelea huku ukipimwa kila mwaka. Lakini ikiwa usikivu wako unapungua, au mwajiri anakataa kupima hewa na kurekebisha chochote, tafuta pengine. Miaka ya tajriba inaweza kukamilishwa kwa mwajiri mwingine. Masikio na mapafu hayana duka. Si lazima uache uhandisi, kwani kuna kazi za usanifu, ukaguzi na hata za usalama kazini ambazo zinahitaji watu walioijua mitambo kwa karibu.

Isipokuwa kuna hatari ya papo hapo, usiondoke kabla hujapata kazi nyingine au akiba ya miezi kadhaa. Siku ya kuondoka, dai upimwe na daktari, uchukue nakala za vipimo vyako vyote pamoja na barua inayoeleza kazi uliyofanya na miaka uliyoifanya. Magonjwa yanayosababishwa na kazi hulipiwa fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, lakini maradhi ya vumbi huweza kuchelewa miaka mingi. Yakitokea ukiwa na miaka 45, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea.