Pindo la Pasti

Siri ya pasti ya Cornwall, jimbo la Uingereza, iko kwenye ubichi. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande, viazi mviringo, kitunguu na mzizi mnene wa manjano, jamaa wa kabichi, ambao wenyeji huuita tanipu: vyote hupangwa vibichi juu ya duara la unga uliokandwa na kusukumwa, vikanyunyiziwa chumvi na pilipili manga, basi. Duara hukunjwa likawa nusu mwezi, kisha kingo zake hubanwa na kusokotwa hadi litokee pindo nene mfano wa kamba. Aliyezoea sambusa atashangaa, maana sambusa hutiwa nyama iliyokwisha kuiva, na mafuta ya moto yamebakiwa na kazi ya manda tu. Pasti huokwa. Mvuke unaotoka kwenye nyama na kitunguu ndio unaoivisha viazi, na mchuzi wake hunywewa na unga. Pindo likiachia, mvuke umetoroka na viazi vimekauka. Ndiyo maana mimi hutazama pindo kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo mwanzo pasti haikuwa chakula cha maskini. Katika karne ya 13 neno pasti, lenye asili ya Kifaransa cha kale, lilikuwa la meza za wakubwa: nyama ya mnyama wa mawindo au samaki, vikiwa vimefungwa ndani ya unga. Mwaka 2006 mwanahistoria mmoja wa Devon, jimbo jirani ng'ambo ya mto Tamar, alionyesha kwamba pasti imetajwa katika hesabu za mji wa Plymouth, huko Devon, za mwaka 1510, ilhali mapishi ya zamani zaidi yanayojulikana Cornwall ni ya 1746. Majirani hao wakabishana sana. Kwangu mimi karatasi hizo haziamui kitu, kwa sababu kufunga nyama ndani ya unga kulijulikana kote Uingereza. Cornwall iliitoa pasti kwenye meza ya bwana ikaiteremsha mgodini.

Katika karne ya 18 na ya 19 ardhi ya Cornwall ilichimbwa bati na shaba kwa kina cha kutisha. Mchimbaji aliyeteremka ngazi alfajiri hakuweza kupanda tena kwa ajili ya mlo wa mchana. Alihitaji chakula kisichotaka sahani wala kijiko, kinachohimili kutikiswa, na kinachotunza joto kwa muda. Pasti ilitimiza yote hayo. Mke aliandika herufi za jina la mumewe kwenye ncha moja ya unga, ili aliyeacha kipande asije akachanganya chake na cha mwenzake. Miaka ya dhiki nyama ilikuwa chache mno, pengine haikuwamo kabisa, na pasti ikawa viazi na tanipu tu. Hata hivyo ilisimuliwa kwamba makombo machache yalipaswa kubaki chini kwa ajili ya vijipepo vya mgodini, vilivyosikika vikigonga miamba.

Husemwa pia kwamba pindo lilikuwa mpini: mchimbaji alilishika kwa vidole vilivyochafuka aseniki, sumu iliyochanganyika na mawe ya bati, akala pasti na kulitupa pindo. Aseniki ilikuwapo kweli, tena Cornwall iliiuza kwa wingi. Lakini picha za zamani zinaonyesha wachimbaji wakiwa wameshika pasti zilizofungwa kwa karatasi au vifuko vya kitambaa, wakila kutoka ncha hadi ncha. Nami siamini kwamba mwenye watoto wa kulisha angezoea kutupa unga uliookwa vizuri.

Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1866, maelfu ya wachimbaji walihama wakatafute kazi penye migodi. Wengine walikuwa wametangulia. Tangu miaka ya 1820 walikuwa wakichimba fedha Real del Monte, katika milima ya Hidalgo nchini Mexico, na huko pasti ikapata pilipili, baadaye mchuzi wa mole, hata nanasi. Wamexico huiita paste, na mji huo una jumba la makumbusho kwa ajili yake. Kaskazini mwa Michigan, Marekani, wachimbaji wa Kifini walijifunza pasti kwa wenzao wa Cornwall kwenye migodi ya shaba, wakaikumbatia hivi kwamba wengine huko hudhani ni chakula cha Ufini. Moonta, kusini mwa Australia, nako ililiwa kwenye migodi ya shaba.

Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliilinda kisheria. Ili iitwe pasti ya Cornwall lazima nyama iwe angalau asilimia 12.5 ya uzito, na mboga angalau asilimia 25. Karoti hairuhusiwi. Umbo liwe la herufi D, na pindo liwe ubavuni, kamwe si juu. Kuhusu moto, sheria haina ukali: pasti mbichi inaweza kusafirishwa na kuokwa katika oveni yoyote, mji wowote. Kujaza na kusokota pindo, hayo ni lazima yafanyike Cornwall.