Mtoto Yule Amekuwa Mtu Mzima

Tukisikia habari za mtindio wa ubongo, mara tunamfikiri mtoto: mama amembeba mgongoni, anampeleka kwa mtaalamu wa kunyosha viungo. Ni haki. Lakini mtoto yule hukua. Hufika miaka ishirini, arobaini, hata sitini. Na hapo karibu hakuna mtu anayeuliza tena mwili wake wafanya nini mchana kutwa.

Chanzo cha ulemavu huu chajulikana. Ubongo huumia ungali unajengwa, mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Pengine amekosa pumzi katika uzazi mgumu. Pengine amezaliwa kabla ya miezi kutimia. Pengine manjano kali ya siku za kwanza haikutibiwa. Mpasuaji Mwingereza William John Little alilieleza jambo hili mbele ya madaktari wa London mwaka 1861, na kwa muda mrefu namna mojawapo ya ulemavu huu iliitwa ugonjwa wa Little. Si laana wala si uchawi, ingawa bado twasikia majirani wakinong'ona hivyo.

Jeraha lile la ubongo haliongezeki. Mwili ndio unaobadilika. Misuli iliyokazika hufupika, viungio huchakaa mapema, maumivu na uchovu huingia mtu akiwa bado kijana. Katika njia ileile, yeye hutumia nguvu nyingi kuliko mwenziwe, pengine mara mbili au zaidi. Tena wako waliotembea vizuri utotoni, nao huacha kutembea wakiisha kuwa watu wazima.

Basi jamaa, kwa huruma, humwambia: «Kaa tu, mwanangu, tutakuletea maji.» Sisi twaona huruma hiyo yamgharimu sana. Misuli isiyotumika hunyong'onyea, moyo na mapafu hulegea; na tayari shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo huwapata watu hawa kuliko wengine. Zamani hata wataalamu waliogopa kwamba kazi ya nguvu itazidi kuikaza misuli. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sivyo.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwa watu wazima wenye ulemavu: dakika 150 hadi 300 kila juma za kazi ya mwili isiyo nzito sana, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Asiyeweza kufikia hapo afanye awezavyo, maana kidogo chafaa kuliko kukosa kabisa. Wala si lazima kiwanja cha michezo. Kutwanga sombe ameketi ni kazi ya mwili. Kufua, kufagia ua, kusukuma kigari chake mwenyewe hadi kanisani, kwenda sokoni kwa magongo, yote huhesabiwa. Hata kuvaa nguo mwenyewe, jambo linalomchukua nusu saa, ni zoezi. Tusimharakishe kwa sababu misa ya kwanza imekaribia.

Aliyeketi asikae hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Kila baada ya nusu saa au saa moja ainuke kwa dakika mbili, au kama hawezi kusimama, anyoshe mikono na kugeuza kiwiliwili, akisaidiwa na mtu wa nyumbani.

Kupumzika pia kuwe na saa yake. Aliyekwenda sokoni asubuhi asipewe ndoo ya kufua mchana uleule. Uchovu unaoisha kwa kulala usiku mmoja si kitu cha kuogopa. Lakini maumivu mapya ya nyonga au ya shingo, au ganzi mikononi, yampeleke kwa daktari bila kuchelewa.

Nyumba nayo itazamwe. Fito imara ukutani kando ya mlango, na udongo ulioshindiliwa kuwa mteremko mahali pa ngazi, fundi wa kijiji aweza kuvimaliza kwa siku moja. Na kiti cha kuinukia kisiwe cha plastiki, maana huteleza. Kigoda kizito cha mti ni bora.