Bafle ya tata isitupwe bure

Mu nyumba mingi za Kamalondo, Katuba ao Kenya, bafle za zamani zingali mu salo, zile tata alinunua na mushahara wa mugodi. Siku ya Mungu tunaweka gitaa ya Jean Bosco Mwenda, yule wa Jadotville, leo Likasi. Sauti yake iko, lakini nyuzi nyembamba za gitaa hazisikike vizuri, kama mutu anaimba chini ya bulangeti. Batoto banasema: “Tata, twita imeungua, tutupe.”

Tungoje kwanza. Si kila twita yenye kunyamaza imeungua. Tuzime ampli, tutoe nyaya zake, tufungue bafle, tutenge waya moja ya twita, kisha tupime na multimetri. Twita ya omu 8 inaonyesha karibu 6. Kama multimetri haisome kitu, bobini imekatika: hiyo njo twita yenye kufa. Kama inasoma vizuri, tuangalie kondensateri, kile kidude kidogo kinachoachia sauti za juu na kuzuia zile nzito. Mu bafle nyingi za zamani kinakauka na miaka, na bei yake ni ndogo kuliko ya twita.

Kipya kikuwe na namba ileile, na kisikuwe na upande wa plus na moins. Tusiunge twita bila kidude hiki hata siku moja: sauti nzito zitaiunguza.

Lakini nani aliiunguza ya kwanza? Mara mingi ni sisi wenyewe. Siku ya matanga ao ya ndoa tunafungua kitufe mpaka mwisho. Umeme ukishuka, ampli inachoka mbio zaidi. Sauti inaanza kukwaruza, na ule mukwaruzo unapeleka nguvu mingi ku twita. Hata ampli ndogo inaweza kuiua hivyo. Tukisikia mukwaruzo, turudishe kitufe nyuma palepale. Bila hivyo, twita mupya nayo itaungua, na franga zitakuwa zimepotea mara mbili.

Waya ya bobini, nyembamba sawa unywele, mara mingi ni ya shaba. Sisi ba mugodi tunajua jasho la kuitoa mu udongo. Tusiiunguze bure.